Jimbo ndani ya Jimbo: Mipaka ya Uchaguzi katika Marekani

1. Utata wa neno

Mwanafunzi asomaye siasa ya Marekani kwa Kiswahili hukutana na neno «jimbo» likibeba maana mbili. Texas ni jimbo. Na sehemu ya Texas imchaguayo mbunge mmoja nayo huitwa jimbo. Kwetu Kongo, tuliozoea kusema jimbo la Kivu ya Kusini, maana hii ya pili husahaulika upesi. Katika makala haya, jimbo ni dola ndogo ndani ya shirikisho. Sehemu yenye mbunge wake tutaiita eneo la uchaguzi.

2. Nani achoraye mipaka?

Baraza la Wawakilishi lina viti 435. Baada ya hesabu ya watu, ifanywayo kila miaka 10, viti hivyo hugawanywa kati ya majimbo 50 kwa kadiri ya wakazi. Baada ya hesabu ya 2020, Texas iliongezewa viti 2, California ikapoteza 1. Wyoming ina kiti 1 tu, hivyo haina mpaka wa kuchora kwa ajili ya Baraza hilo. Maseneta 2 wa kila jimbo huchaguliwa na jimbo zima.

Katika majimbo mengi, mipaka ya maeneo huchorwa na bunge la jimbo, ambalo huchora pia maeneo ya wabunge wake lenyewe. Hapo ndipo kilipo kiini cha jambo: mchaguliwa humchagua mchaguzi.

3. Hesabu ya ujanja

Tuchukue wapiga kura 15: 9 wa chama A na 6 wa chama B, katika maeneo 3 ya watu 5. Mchoraji akiwakusanya watu 5 wa A katika eneo moja, hubaki 4. Akiwagawa wawili wawili katika maeneo mengine, B hushinda kila moja kwa 3 dhidi ya 2. Wachache wamepata viti 2, wengi kiti 1, na hakuna kura iliyoibwa.

Mwaka 1812, gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, alitia sahihi sheria ya namna hiyo. Chama chake kilipata viti 29 kati ya 40 vya seneti ya jimbo, ingawa wapinzani walikizidi kidogo kwa kura. Gazeti moja la Boston lilichora eneo mojawapo kama salamanda, mnyama afananaye na mjusi. Jina la gavana likaunganishwa na la mnyama, na neno hilo lingali hai.

4. Mahakama

Alabama haikuwa imegawa upya maeneo ya bunge lake tangu 1901, ingawa watu walihamia mijini. Mwaka 1964, katika kesi ya Reynolds na Sims, Mahakama Kuu iliamuru maeneo yakaribiane kwa idadi ya watu. Lakini mfano wetu waonyesha kwamba idadi sawa haizuii ujanja. Mwaka 2019 Mahakama hiyo ilisema kuwa mahakama za shirikisho haziwezi kuhukumu upendeleo wa chama katika mipaka. Wananchi wa Arizona (2000) na Michigan (2018) walipiga kura kuunda tume huru.

5. Hitimisho

Tunapendekeza «upotoshaji wa mipaka» kwa ujanja huu. Na msomaji akiambiwa chama fulani kimeshinda jimbo, aulize kwanza: jimbo lipi, na mpaka wake ulichorwa na nani?