Bluzi ya Mzee Dylan na Deni la Jina

Bob Dylan alipotoa albamu ya Rough and Rowdy Ways, Juni 2020, alikuwa na umri wa miaka 79, na ilikuwa imepita miaka minane tangu albamu yake ya mwisho ya nyimbo alizotunga mwenyewe. Wengi walivutwa na Murder Most Foul, wimbo wa karibu dakika 17 kuhusu kuuawa kwa Rais Kennedy. Lakini nguzo za albamu hii ni nyimbo tatu za bluzi: False Prophet, Goodbye Jimmy Reed na Crossing the Rubicon. Humo ndimo sauti yake iliyokwaruza kwa uzee inamopata pa kuegemea.

Bluzi, muziki uliozaliwa kwa Wamarekani weusi wa Kusini, haidai koo la kupanda na kushuka. Gitaa hurudia pigo lilelile, mwimbaji hutamka lake, hunyamaza, gitaa humjibu. Wapo wanaolalamika kuwa mtindo huo unachosha. Wasikilize Crossing the Rubicon: kila ubeti unaishia kwenye kuuvuka Rubicon, mto ule alioupita Julius Caesar na jeshi lake, akawa hana tena pa kurudi. Mpenzi wa mashairi ya Kiswahili atakitambua kituo hicho mara moja. Maneno ni yaleyale, ila mara yanatoka kama kitisho, mara kama kuaga. Kijana angelazimika kuigiza uzito huo. Dylan anao tayari.

Pingamizi zito zaidi ni la kuazima. Pigo la gitaa la False Prophet ni la If Lovin' Is Believing, wimbo ambao Billy "The Kid" Emerson aliurekodi Sun Records, Memphis, mwaka 1954, ilhali albamu inamtaja Dylan peke yake kuwa mtunzi. Watetezi wake hujibu kwamba bluzi imeishi kwa kuazimana tangu mwanzo. Ni kweli. Hata jina la albamu limetokana na wimbo wa mwaka 1929 wa Jimmie Rodgers, mzungu wa Mississippi aliyejijengea jina kwa kuimba bluzi. Santuri za Rodgers zilifika hadi kwa Wakipsigis wa Kenya, na mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kapkatet wakimwimba: jina lake limegeuka Chemirocha, naye amekuwa nusu mtu, nusu swala. Wasichana wale walimgeuza mtu mzima mzima, lakini jina lake hawakulitupa. Utetezi unaanguka hapo, maana kuazima ni jambo moja na kumficha mwenye mali ni jingine. Na Dylan analijua hilo, kwani mwanabluzi Jimmy Reed, aliyepiga gitaa huku akipuliza harmonika iliyoning'inia shingoni, kamwandikia wimbo wenye jina lake.

Deni hilo haliondoi utamu wa albamu. Ni kazi ya mzee aliyejua sauti yake inaweza nini na haiwezi nini, akachagua muziki unaoistahili. Ila Emerson naye alistahili mstari mmoja kwenye jalada. Ukiipenda False Prophet, itafute na ya kwake ya mwaka 1954, uisikilize kwanza.