Dengu nyekundu: Mlo wa Kihindi unaoiva kwa nusu saa

KUNA siku ambapo nyama haipo, mboga zimekwisha sokoni na mwisho wa mwezi ungali mbali. Hata hivyo, nyumba yenye kikombe cha dengu nyekundu, kitunguu na viungo vichache kabatini haikosi chakula cha jioni.

Wakenya wengi wamezoea chapati, sambusa na bajia, vyakula vilivyotoka kwa majirani wao wenye asili ya Kihindi. Lakini chakula ambacho mamilioni ya watu nchini India hula karibu kila siku ni dal, yaani mchuzi mzito wa dengu.

Dengu nyekundu, ambazo Wahindi huziita masoor, si ndengu za kijani. Hizi ni aina ya kamande iliyoondolewa maganda na kupasuliwa. Kwa kuwa hazina ganda la kuzuia maji kupenya, huiva kwa takriban dakika 20 bila kulowekwa. Maharagwe makavu, kwa upande mwingine, hulowekwa usiku kucha na bado huchemshwa kwa saa moja au zaidi. Tofauti hiyo ni akiba kubwa ya makaa au gesi.

Mlo wa watu wanne huhitaji kikombe kimoja cha dengu, vikombe vitatu na nusu vya maji, nusu kijiko cha chai cha manjano na chumvi. Aidha, pawepo vijiko viwili vikubwa vya mafuta au samli, kijiko cha chai cha bizari nyembamba ambayo haijasagwa, kitunguu kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, pilipili kavu na nyanya mbili.

Kwanza, dengu huchaguliwa mawe na kuoshwa hadi maji yatoke safi. Kisha hutiwa sufuriani pamoja na maji na manjano. Zikichemka, povu huenguliwa, moto hupunguzwa na kifuniko huachwa wazi kidogo ili zisifurike. Zikishaiva hubadilika rangi kuwa njano na kupondeka kwa mwiko. Hapo ndipo chumvi hutiwa.

Nyanya hazifai kutiwa mapema, kwani asidi yake huchelewesha dengu kulainika.

Hatua inayofuata ndiyo roho ya chakula hiki. Wahindi huiita tadka. Mafuta hupashwa moto katika kikaango kidogo, kisha bizari nyembamba hutiwa. Ikianza kutatarika, baada ya sekunde chache tu, kitunguu kilichokatwakatwa huongezwa na kukaangwa hadi kiwe rangi ya kahawia. Hufuata kitunguu saumu na pilipili, na mwishowe nyanya, ambazo hupikwa hadi zirojeke. Mchanganyiko huo humiminwa juu ya dengu na kukorogwa.

Sababu ya utaratibu huu ni kwamba harufu na ladha ya viungo vingi huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Bizari iliyotupwa ndani ya maji tangu mwanzo hupoteza sehemu kubwa ya harufu yake kwa mvuke. Kwa hivyo, dengu zikikosa ladha, aghalabu kosa si uchache wa viungo bali ni wakati wa kuvitia. Mpishi awe macho pia, kwa maana bizari iliyoungua huwa chungu.

Dengu zikiliwa kwa wali au chapati, nafaka hujaza upungufu wa protini ya dengu, nazo dengu hujaza ule wa nafaka. Ndimu ikikamuliwa juu yake, vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai nayo, ikinywewa pamoja na mlo huo, hupunguza ufyonzaji huo, hivyo ni heri isubiri.

Dengu zilizobaki huganda zikipoa. Kesho yake huongezwa maji moto kidogo, zikapashwa na kuliwa tena.