Kukichakaza Kifaru cha Mezani

Vijisanamu vya askari na vifaru vya michezo ya vita ya mezani huuzwa vikiwa vipande vya plastiki, resini au madini, bila rangi. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kanuni za mchezo wa aina hii mwaka 1913 katika kitabu Little Wars. Mchezo maarufu zaidi leo, Warhammer, ulianza mwaka 1983 huko huko Uingereza. Askari wake wa kawaida ana kimo cha milimita 28 hivi.

Udogo huo ndio unaoleta kazi. Koti la mtu halisi hupata vivuli kutokana na jua, lakini mikunjo ya koti la kijisanamu haina kina cha kutosha, hivyo mpakaji hulazimika kuvichora vivuli hivyo mwenyewe. Kwanza kijisanamu huoshwa kwa sabuni na kupulizwa praima ili rangi ishike. Rangi ya akriliki huzimuliwa kwa maji na kupakwa mara mbili, kwa sababu tabaka moja nene hufukia sura ya uso na vifungo. Kisha rangi nyeusi au ya kahawia, nyepesi kama chai, huachwa itiririke katika mikunjo yote. Mwisho, brashi yenye rangi angavu, iliyofutwa hadi ikaribie kukauka, hupitishwa juu ya kingo ili zing'ae.

Vifaru hudai zaidi, na hapa ndipo ustadi hujulikana. Kila doa lazima liwe na sababu. Chukua T-34 ya Wasovieti katika Vita Kuu ya Pili. Rangi yake ya kijani hubanduka pale wanajeshi wanapokanyaga wakipanda na kwenye kingo za mifuniko. Michubuko hiyo hugongwa kwa kipande cha sponji chenye rangi ya kahawia iliyokolea. Masizi hukaa nyuma, kwenye mabomba mawili ya moshi. Minyororo hung'aa pale inaposuguana na ardhi. Kutu nyingi ni kosa la kawaida: vifaru vingi viliteketea vitani kabla havijapata muda wa kuoza.

Wakati wa theluji Wasovieti walivipaka vifaru chokaa nyeupe iliyotoka upesi. Kuiga hali hiyo ni kazi tamu kuliko zote: juu ya kijani hupulizwa spreyi ya nywele, kisha rangi nyeupe ya akriliki. Maji yakipakwa, spreyi iliyo chini hulainika, na brashi ngumu huibandua nyeupe vipande vipande.

Kwa kuwa vijisanamu hivi hushikwashikwa mchezoni, hukingwa kwa vanishi isiyong'aa. Vumbi la unga wa rangi lililotiwa kwenye magurudumu hufifia vanishi inapopulizwa juu yake; ndiyo maana hutiwa kwa wingi kuliko linavyotakiwa kuonekana.