Alama za Mtoto Wako na Mstari wa Kufaulu

Mlio na karatasi ya somo hili mkononi, fuateni maneno kwa kidole ninapoyasema. Mwalimu wa darasa naye aandike ubaoni maneno manne: nafasi, alama, gredi, daraja.

Leo tutazungumza habari ya mtihani wa Kidato cha Nne, ule unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Kila mwaka matokeo yakitoka, wazazi huuliza swali moja: "Mtoto wangu shuleni alikuwa wa tatu. Mbona Baraza limempa sifuri?" Wengine hawaulizi. Humwita mtoto mwongo, humfukuza nyumbani, au huanza kumtafutia binti mume. Kwa hiyo ni vizuri tulijibu swali hili polepole.

Tuanze na neno la kwanza, nafasi. Mtoto akiwa wa tatu kati ya wanafunzi 60, maana yake ni kwamba wenzake 57 wako nyuma yake. Haikuambii anajua kiasi gani. Ikiwa darasa zima ni dhaifu, mtoto anaweza kuwa wa tatu naye amepata alama 28 katika mia. Mwenye chongo huwa mfalme katika nchi ya vipofu, lakini bado ana chongo. Baraza la Mitihani halitazami nafasi ya mtoto darasani kwake. Linampima kwa mstari mmoja na watoto wa nchi nzima, wa Songea na wa Bukoba.

Neno la pili ni alama. Alama ni hesabu ya majibu yake: katika mia amepata ngapi. Gredi ni herufi anayopewa kwa alama zile. Kwa utaratibu unaotumika sasa katika Kidato cha Nne, alama 75 na kuendelea ni A. Kuanzia 65 hadi 74 ni B. Kuanzia 45 hadi 64 ni C. Kuanzia 30 hadi 44 ni D. Chini ya 30 ni F, na F ni kushindwa somo lile.

Daraja, ambalo vijana huliita divisheni, hupatikana kwa kujumlisha. Wanachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4, F pointi 5. Hapa pointi nyingi ni mbaya, na jambo hili huwachanganya wazazi wengi, maana tumezoea kwamba mwenye vingi ndiye aliyepata. Pointi 7 hadi 17 ni Daraja la Kwanza. 18 hadi 21 la Pili. 22 hadi 25 la Tatu. 26 hadi 33 la Nne. Mwenye pointi 34 au 35 amepata sifuri.

Sasa tazameni jinsi mstari unavyokata. Mtoto ana D mbili na F tano. D mbili ni pointi 8, F tano ni pointi 25, jumla 33. Huyo ana Daraja la Nne, na atapewa cheti. Lakini tuseme moja ya D zile aliipata kwa alama 30 kamili. Kama angekosa alama moja tu, angekuwa na 29, yaani F. Pointi zingekuwa 34, naye angekuwa na sifuri. Kati ya mtoto yule na huyu pana alama moja ya somo moja. Hata hivyo mmoja atapigiwa vigelegele na mwingine ataonekana hana akili.

Kwa sababu hiyo nasema: alama hutoka katika kalamu ya mtoto, lakini gredi na daraja hutegemea mstari uliochorwa na watu wazima. Mkulima akipimiwa mahindi yake kwa debe lililosawazishwa juu, atahesabu madebe kumi. Akija mnunuzi anayetaka debe lenye kilele, mahindi yale yale hayafiki kumi. Mahindi hayakupungua. Habari za lumbesa ninyi mnazijua kuliko mimi.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 2013. Mwezi wa Februari mwaka ule yalitangazwa matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne uliofanyika mwaka 2012. Watoto zaidi ya 240,000 walipata sifuri, yaani kama sita katika kila kumi. Nchi nzima ilishtuka. Waziri Mkuu wa wakati ule, Bwana Mizengo Pinda, aliunda tume ya uchunguzi chini ya Profesa Sifuni Mchome. Ikaonekana kwamba, pamoja na sababu nyingine nyingi, Baraza lilikuwa limebadili namna ya kupanga gredi.

Hapo nyuma wapangaji waliweza kuyatazama matokeo ya nchi nzima kwanza. Wakiona karatasi ya somo fulani imekuwa ngumu mno, mstari wa somo lile ulishushwa kidogo. Kwa mtihani wa 2012 mistari iliwekwa mahali pamoja bila kusogezwa. Mwezi wa Mei 2013 Serikali ilifuta matokeo yale na kuamuru yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011. Yalipotoka tena, wenye sifuri walikuwa zaidi kidogo ya 210,000. Watoto wapatao 30,000 walitoka katika sifuri, na hakuna hata mmoja aliyeshika kalamu tena. Karatasi zilikuwa zile zile na majibu yale yale.

Jiulizeni: katika ile miezi mitatu, wangapi kati ya hao 30,000 walikuwa wameshaambiwa kwamba shule haiwawezi?

Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 2013 mistari mipya ilitangazwa. Mtoto mwenye alama 60 alipewa B+, ambayo leo ingekuwa C. Mwenye alama 25 alipewa E, ambayo leo ingekuwa F. Mtihani wa 2014 ukapangwa kwa wastani wa pointi, wenye majina mapya kabisa, na mwaka 2016 Serikali ikayarudisha madaraja ya zamani. Basi ukitaka kulinganisha cheti cha kaka na cha mdogo wake, uliza kwanza kila mmoja alifanya mtihani mwaka gani.

Msinielewe vibaya. Sisemi mstari mkali ni mbaya. Mimi naupendelea mstari unaojulikana mapema na usiosogezwa, kwa kuwa mwajiri akiona C ajue ni C, na mtoto ajue tangu Kidato cha Kwanza anakimbilia wapi. Mstari unaoshushwa kila mwaka karatasi ikiwa ngumu huficha udhaifu wa shule zetu. Lakini mstari mkali sharti utangazwe kabla, wala si baada ya safari kwisha. Tena mstari haufundishi. Kuupandisha hakuleti mwalimu wa hisabati katika shule isiyo naye, wala hakujengi maabara.

Hata katika marekebisho ya 2013, zaidi ya watoto 210,000 walibaki na sifuri. Hao hawakuangushwa na mstari. Shule za sekondari za kata zilikuwa zimejengwa kwa wingi na kwa haraka katika miaka iliyotangulia, na walimu na vitabu havikuongezeka kwa mwendo ule. Tena iko habari ya lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya Serikali kwa kawaida husoma kwa Kiswahili miaka yote, kisha akiingia sekondari husoma kwa Kiingereza, na karatasi nyingi za Kidato cha Nne zimeandikwa kwa Kiingereza. Huenda anajua sana jinsi damu inavyozunguka mwilini, lakini swali lenyewe halielewi. Mtoto wa namna hii hupata F ya Biolojia, nasi tukadhani hajui Biolojia.

Sasa mzazi afanye nini? Usingoje Kidato cha Nne. Upo Upimaji wa Kidato cha Pili, ambao nao unaendeshwa na Baraza, na asiyefikia kiwango hurudia kidato. Matokeo yake ukiyapata, usitazame daraja tu. Soma gredi ya kila somo. Ukienda shuleni, acha kumwuliza mwalimu, "Amekuwa wa ngapi?" Mwulize, "Amepata ngapi katika mia, na amekosa nini?" Swali hili la pili walimu wengine hawalipendi, kwa sababu linawahusu wao pia. Liulize kwa adabu, lakini liulize. Kisha omba kuona daftari. Ninyi mnaosoma karatasi hii mnaweza sasa kulifungua daftari la mtoto na kuona kama limesahihishwa au limejaa kurasa ambazo mwalimu hakuzigusa.

Na ikiwa sifuri imekwisha kuja? Mtoto anaweza kufanya mtihani tena akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Viko pia vyuo vya ufundi stadi vya VETA, ambavyo fundi umeme na seremala wengi wamepitia. Kabla ya kuamua lolote, kaa naye, mtazame masomo yale saba moja moja. Mwenye alama 27 na 28 katika masomo matatu yuko karibu na mstari, na miezi michache ya kusoma kwa bidii inaweza kumvusha. Mwenye alama 6 na 9 anahitaji kuanza mbali zaidi, pengine kwa lugha ya Kiingereza kwanza. Wote wawili matokeo yao yameandikwa sifuri.

Hii ndiyo hesabu ya juma hili. Mwanafunzi amepata Kiswahili C, Historia D, Jiografia F, Biolojia D, Kiingereza D, Kemia F na Hisabati F. Jumlisheni pointi zake, mseme ana daraja gani. Kisha tuseme Kiswahili alipata alama 45 kamili, na katika kila D alipata alama 30 kamili. Akipungukiwa alama moja katika kila moja ya masomo hayo manne, atabaki na daraja gani? Fanyeni kwanza kila mtu peke yake, halafu mlinganishe na jirani. Majibu yatasomwa mwanzoni mwa somo lijalo. Kwaherini.