Prius: gari la karne hii, na mzigo unaobaki kwetu

Mwaka 1993 Eiji Toyoda wa Toyota aliwauliza wenzake iwapo kampuni yao ingeweza kuendelea kuunda magari kwa namna ile ile katika karne ya 21. Kutokana na swali hilo ulizaliwa mradi ulioitwa G21, na uongozi wake akakabidhiwa Takeshi Uchiyamada, mhandisi ambaye hakuwa amewahi kusimamia uundaji wa gari jipya.

Lengo la awali lilikuwa gari liende nusu zaidi ya masafa kwa mafuta yale yale. Wakubwa hawakuridhika, wakataka maradufu. Hapo injini peke yake haikutosha tena. Wahandisi wakapitia mifumo ipatayo 80 ya kuunganisha injini ya petroli na mota ya umeme. Gari la kwanza la majaribio, mwishoni mwa 1995, lilikataa kusogea kwa siku 49, na lilipokubali lilikwenda mita 500 tu. Hata hivyo, Desemba 1997 Prius ikaanza kuuzwa Japani.

Siri yake yaeleweka. Katika gari la kawaida, dereva akikanyaga breki, nguvu iliyonunuliwa kwa petroli hugeuka joto na kupotea. Katika gari la haibridi, mota hugeuka jenereta na kuirudisha sehemu ya nguvu hiyo kwenye betri. Na gari likisimama kwenye foleni, injini huweza kuzimika. Sisi tuliofundishwa kutofuja maji ya udhu hata tukiwa kando ya mto, fikra hii si ngeni kwetu.

Mwaka 2015 Toyota ilitangaza kwamba ifikapo 2050 magari yake mapya yatatoa hewa ya ukaa pungufu kwa asilimia 90 kulinganisha na 2010. Tena hesabu haikomei kwenye moshi: huanzia kwenye kutengeneza malighafi, ikaishia kwenye kulivunja gari chakavu. (Ahadi ya miaka 35 ni nyepesi kutamkwa, watamkaji wengi hawatakuwapo kuulizwa.)

Ni hapo kwenye kuvunja gari ndipo jambo hili linapozihusu familia zetu. Kwa sheria iliyoanza kutumika kikamilifu Japani mwezi Januari 2005, mnunuzi wa gari hulipa mapema gharama ya kuliteketeza: gesi ya kiyoyozi, mifuko ya hewa na mabaki yanayosalia baada ya kusagwa. Lakini gari likiuzwa nje ya nchi, fedha hiyo yaweza kudaiwa na kurejeshwa huko huko. Basi gari hupanda meli kuja Dar es Salaam au Mombasa, na amana ya mazishi yake hubaki Japani. Tunaoachiwa mzoga ni sisi.

Hatusemi haibridi zisinunuliwe. Kwa anayeshinda kwenye foleni za mjini, unafuu wa mafuta ni wa kweli. Lakini betri kubwa ya Prius ina zaidi ya volti 200, si kitu cha kufunguliwa na fundi yeyote chini ya mwembe. Kabla ya kulipa, familia, au kamati inayotafuta gari la madrasa, ipime hali ya betri na imuulize muuzaji ataipokea lini na wapi ikifa. Akikubali, iandikwe kwenye mkataba, isije ikaishia uani wanakochezea watoto.