Mvua Juu ya Msikiti Uliozikwa

Katika kisiwa cha Pate, kaskazini mwa pwani ya Kenya, yapo mahame ya mji wa Shanga, ambao wenyeji wake waliuacha katika karne ya 15. Mwaka 1980 mwanaakiolojia Mwingereza, Mark Horton, alianza kuchimba hapo. Chini ya msikiti wa Ijumaa uliojengwa kwa mawe ulikutwa msikiti mwingine, na chini yake mwingine, hata ikafikiwa misikiti midogo ya miti ya karne ya 8 Miladia, yaani karne ya 2 Hijria. Miti yenyewe ilikwishaoza. Kilichobaki ni madoa katika udongo, kila doa likionesha mahali iliposimama nguzo.

Waliodai kuwa Uislamu wa pwani hii ni wa kuja baadaye sana walijibiwa na madoa hayo. Lakini ushahidi wa namna hiyo haubebeki, na maji yakiusomba haurudi. Ndiyo maana mchimbaji wa mambo ya kale huiogopa mvua kuliko jua kali.

Mawingu yanapotanda, shimo hufunikwa turubai, na mfereji mdogo hukatwa upande wa juu ili maji yapite kando. Mawe ya kulibana turubai hayawekwi ukingoni kabisa, kwani uzito wake huweza kuuangusha ukuta wa shimo. Mvua ikikatika, maji yaliyoingia huchotwa kwa ndoo na kumwagwa mbali. Hakuna aruhusiwaye kushuka kabla kuta hazijakaguliwa. Ukuta uliolowa hupasuka taratibu, kisha huporomoka ghafla. Huweza kuua mtu, na huchanganya tabaka za karne kadhaa katika rundo moja lisiloweza kupangwa tena.

Wakati wa kungoja si wa kulala. Chini ya banda vigae huoshwa kwa mswaki, huanikwa kivulini, kisha huandikwa namba. Kibandiko kikilowa hata wino ukafutika, kigae huwa yatima: hakijulikani kilitoka tabaka gani. Kazi inayochosha zaidi ni kuchekecha. Udongo mbichi hugoma kupita katika chekeche, hugeuka madonge, na ndani ya donge huweza kujificha ushanga (naam, hata katika mji wenye jina hilo) au sarafu. Pale Shanga zilipatikana sarafu ndogo sana za fedha zenye majina kama Muhammad na Abdallah. Donge likitupwa bila kuvunjwa, jina kama hilo hutupwa nalo.

Hata hivyo, mvua hiyo hiyo ina fadhila yake. Udongo ukikauka, rangi zake hufifia na kufanana. Ukiwa na unyevu, doa la nguzo hujitenga na udongo unaolizunguka. Wakati wa kiangazi wachimbaji hunyunyiza maji kidogo kwa makusudi ili walione. Basi baada ya manyunyu, mbao hulazwa ili nyayo zisiharibu sakafu, na watu huharakisha kupima, kuchora na kupiga picha kabla jua halijaikausha ardhi, au wingu jingine halijafika.