Samaki wa kopo: jodari akiwa mdogo, zebaki nayo hupungua

Kwa mfanyakazi anayeingia shifti mgodini Bulyanhulu, kopo la jodari ni chakula kisicho na usumbufu. Halihitaji friji wala moto. Linafunguliwa, linaliwa na mkate au wali, kazi inaendelea. Lina protini nyingi na mafuta ya omega-3 yanayosaidia moyo.

Lakini ndani ya kopo hilo kuna kitu ambacho watu wa ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita wanakifahamu vizuri: zebaki. Ni ileile ambayo wachimbaji wadogo huchanganya na mchanga uliosagwa ili kunasa dhahabu, kisha huichoma mpaka inaruka na moshi.

Inafikaje kwenye samaki?

Moshi wa zebaki haubaki pale ulipochomwa. Husafiri na upepo, hushuka na mvua, huingia mitoni, ziwani na baharini. Humo bakteria huigeuza kuwa methilizebaki, aina inayonasa kwenye nyama ya samaki. Samaki mdogo hubeba kidogo. Samaki mkubwa anayekula wadogo kwa miaka mingi hujikusanyia ya wote aliowala.

Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) ya 2018 ilionyesha kuwa uchimbaji mdogo wa dhahabu duniani hutoa takriban asilimia 38 ya zebaki ambayo shughuli za binadamu huingiza hewani. Hakuna chanzo kingine kinachoizidi. Makaa ya mawe nayo yana sehemu yake kubwa.

Anayeathirika zaidi ni mtoto aliye tumboni na mtoto mdogo, kwa sababu ubongo wao bado unajengwa. Dunia ilijifunza hilo huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliotokana na samaki wenye zebaki ya kiwandani uligunduliwa rasmi mwaka 1956. Kopo la dukani halina kiwango cha kutisha namna ile, ila kwa anayekula mara kwa mara, aina ya samaki ina maana kubwa.

Jodari si mmoja

Wengi huangalia bei na picha tu. Kinachotakiwa kusomwa ni jina la samaki, ambalo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Wastani wa zebaki kwa kila kilo ya samaki, kwa vipimo vya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA), uko hivi:

• Skipjack (Katsuwonus pelamis), jodari mdogo: karibu miligramu 0.13 akiwa kwenye kopo.
• Albacore (Thunnus alalunga): karibu miligramu 0.35 akiwa kwenye kopo.
• Bigeye (Thunnus obesus), jodari mkubwa mwenye macho makubwa: karibu miligramu 0.69.

Kwa mjamzito na anayenyonyesha, FDA inashauri milo 2 hadi 3 kwa wiki ya skipjack wa kopo, mlo 1 tu wa albacore, na bigeye aachwe kabisa. Mlo mmoja ni kama gramu 113, na wa mtoto huwa mdogo zaidi. Kumwaga mafuta au kupika upya hakuondoi zebaki, kwa kuwa imo ndani ya nyama yenyewe.

Chumvi nayo iangaliwe. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, hivyo kati ya makopo mawili, lenye chumvi kidogo ndilo bora.

Amevuliwaje?

Hapa pia skipjack ana nafuu. Hukua haraka na huzaa sana, kwa hiyo hustahimili uvuvi kuliko ndugu zake wakubwa. Mwaka 2015 wataalamu wa kamisheni ya jodari ya Bahari ya Hindi (IOTC) waligundua kuwa yellowfin, jodari wa mapezi ya njano, alikuwa amevuliwa kupita kiasi. Tathmini ya 2024 ilionyesha hali imekuwa afadhali.

Kopo lililoandikwa "pole and line" lina samaki waliovuliwa mmoja mmoja kwa mshipi na ufito, kama wanavyofanya wavuvi wa Maldives. Njia hiyo hainasi kasa na papa kama zinavyofanya nyavu kubwa zinazotegwa kwenye maboya ya kuvutia samaki. Alama ya samaki wa buluu ya MSC huonyesha uvuvi uliokaguliwa. Picha ya pomboo peke yake haitoshi: inawahusu pomboo, haisemi kama jodari wamebaki wa kutosha.

Na samaki wa ziwani?

Utafiti uliofanyika Rwamagasa, Geita, na kuchapishwa 2005, ulikuta zebaki nyingi kwa baadhi ya samaki wa vijito vinavyopokea maji ya uchenjuaji. Samaki wengi wa Ghuba ya Nungwe, Ziwa Victoria, walikuwa na kiwango cha chini. Kwa hiyo samaki wa kijito kilicho jirani na mwalo wa kuchenjulia ndiye wa kuepuka.

Dagaa wa ziwani ana sifa zote zinazotafutwa kwenye kopo: ni mdogo, haishi muda mrefu, huzaliana haraka, na huliwa na mifupa yake, hivyo hutoa kalsiamu. Waliokaushwa juu ya chanja hawana mchanga kama wale wa kuanikwa chini.

Kwa kifupi, kwa siku za shifti kopo la skipjack linatosha mara 2 au 3 kwa wiki. Siku nyingine, na hasa kwenye sahani ya mjamzito na watoto, dagaa wa sokoni ni chaguo salama.